Jinsi ya kusema "eti" kwa Kivietnam: mwongozo wa tetesi, umbea na habari za kusikia

Nianze na kilichonikuta mwenyewe ndo mtaelewa kwa nini naandika hii kitu. Mwaka wangu wa kwanza Hanoi, jioni tumekaa na wanadarasa wenzangu kwenye vile vistuli vya plastiki vya kando ya barabara, tunakunywa chai ya barafu, binti mmoja akanigeukia akasema "Thấy bảo mai được nghỉ". Maneno yote nilikuwa nayajua, thấy ni kuona, bảo ni kuambia, mai ni kesho, được nghỉ ni kupata mapumziko, nikajumlisha kichwani nikapata "tumeambiwa kesho mapumziko". Nikafurahi, nikalala mpaka saa nne asubuhi. Kumbe kipindi kilikuwepo, jaribio lilikuwepo, na yule binti mwenyewe alienda! Nilipomuuliza mbona umeniingiza mjini akanishangaa kabisa, akasema mi sijakwambia kuna mapumziko, mi nilisema "thấy bảo". Yaani kwa lugha yetu alisema "eti kesho hakuna kipindi", mi nikasikia "kesho hakuna kipindi". Hiyo eti ndo iliyoniponza.

Toka siku hiyo nikaanza kuokota haya maneno moja moja na kuyaandika nyuma ya daftari. Nilichokuja kugundua ni kwamba Mvietnam mara nyingi hakupi tetesi tupu, anatanguliza kineno kidogo kinachokwambia hii habari uibebe kwa mikono miwili au uishike kwa ncha za vidole. Ukikiruka hicho kineno umekwisha. Na uzuri sisi Waswahili hicho kitu tumekulia nacho, si tuna eti, ati, nasikia, inasemekana, wanadai, kwa hiyo kazi hapa ni kuoanisha tu, eti ya kwetu na ya kwao.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeishi kule, mwanafunzi, mwalimu wa Kiingereza, mfanyabiashara wa korosho anayefuata wanunuzi wake Vietnam, na hata aliyeko nyumbani anayefanya kazi na Wavietnam, maana Halotel ya Tanzania na Lumitel ya Burundi zote ni za Viettel, kampuni ya simu ya kule Vietnam, na kwenye ofisi yenye watu wa nchi mbili umbea nao unakuwa wa lugha mbili.

Hatua ya kwanza: weka mdomo sawa

Neno mama la tetesi ni nghe, maana yake kusikia. Mzungu akifika hapo ulimi unamfunga, anasema "nige" au "enge", ila we unayesema ng'ombe na ng'ambo huna shida yoyote, nghe inasomeka ng'e, kama yule mdudu mwenye sumu mkiani. Sauti iwe imenyooka, usipandishe usishushe. Hivyo hivyo người, yaani mtu, inaanza na ng' ile ile. Nh ni ny yetu, kwa hiyo nhé ni nye na nha ni nya. Kh ndo ile ya watu wa pwani wanaosema kheri kwa koo, sio "heri", utaihitaji kwenye khói, moshi. X ni s. Đ yenye mkato ni d ya kawaida, ila d isiyo na mkato Hanoi ni z na kusini ni y, hii inachanganya kila mtu mwanzoni, usione aibu.

Kinachobaki ni toni, kaskazini wana sita na kusini zinasikika tano, na hapo sina njia ya mkato ya kukupa. Chukua mfano wa đồn, kuvumisha, sauti inashuka. Ukiipandisha ikawa đốn umeshasema kukata mti, na ukilegeza ile o ikawa đòn umeshasema kipigo. Halafu đồn hiyo hiyo kwa maana nyingine ni kituo, kama đồn công an ni kituo cha polisi, kwa hiyo nghe đồn mtu akikwambia usidhani anakupeleka kituoni. Anakuletea umbea tu.

Hatua ya pili: anza na nghe nói, ikae mdomoni

Kama una muda wa kujifunza neno moja tu basi jifunze hili. Nghe nói, kwa neno kwa neno ni sikia-sema, na matumizi yake ni "nasikia" yetu kabisa. Inafaa Hanoi, inafaa Sài Gòn (yaani Ho Chi Minh City, jiji kubwa la kusini), inafaa kwa mkubwa na mdogo, haina ubaya haina uchokozi. Unaiweka mwanzo wa sentensi, hata "mimi" huhitaji kuitaja:

Nghe nói anh sắp về nước. Nasikia unakaribia kurudi nyumbani.

Ukitaka kuirefusha ongeza là, "nghe nói là...", yaani nasikia kwamba. Kuna na rằng, maana ni hiyo hiyo, ila rằng ina harufu ya kitabuni, ukiitumia kwenye kijiwe cha chai watakuona umetoka kusoma taarifa ya habari.

Na unaweza kuiweka mwishoni kama mtu anayenawa mikono: "...nghe nói vậy", ndo nilivyosikia. Au mkia mrefu zaidi ambao mi naupenda sana, "không biết có đúng không", sijui kama ni kweli. Ukiweka nghe nói mbele na không biết có đúng không nyuma, habari yako imefungwa bumpa mbele na nyuma, hata ikigonga huumii.

Mtego mmoja wa hapa. Kusini wana tabia ya kuweka nghe mwisho wa sentensi, mfano "Đừng nói với ai nghe!" Hiyo nghe ya mwisho haina habari ya kusikia wala tetesi, ni kama "eeh?" au "sawa?" yetu, yaani usimwambie mtu, sawa? Kaskazini mahali pale wangeweka nhé.

Hatua ya tatu: pima uzito

Hapa ndo penye utamu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Thấy bảo na nghe bảo ni za kaskazini. Bảo ni kuambia, na Hanoi utazisikia kutwa nzima, sokoni, kwenye lifti, kwa mama anayeuza maharage. Uzito wake ni kama "wanasema" ya harakaharaka, mtu kasikia kwa mtu, hajaenda kuuliza. Thấy inavyoanza na "kuona" ndo ilivyoniponza, nilidhani binti kaona tangazo ubaoni. Hajaona kitu. Ukienda Sài Gòn ukasema thấy bảo watakuelewa, ila watajua mara moja Kivietnam chako umekinunua kaskazini.

Nghe đâu ni nyepesi zaidi. Đâu ni "wapi", kwa hiyo ni kama kusema nimesikia sijui wapi, mwenye habari hakumbuki chanzo au hataki kukumbuka. "Nghe đâu giá xăng lại tăng", nasikiasikia petroli inapanda tena. Sasa angalia đâu inakaa wapi, maana ikihama maana inageuka kichwa chini miguu juu. "Nghe đâu..." mwanzo wa sentensi ni tetesi. "Nghe ở đâu?" ni swali, umesikia wapi? Na "em có nghe đâu!" ni kukana, mi sijasikia kitu! Mi hizi tatu nilizichanganya miezi mizima, siku moja mama mwenye nyumba kaniuliza nghe ở đâu, nikamjibu kwa kumletea tetesi nyingine juu ya ile ya kwanza, akacheka mpaka akakaa chini.

Nghe đồn sasa hapa tumeingia kwenye uvumi wenyewe. Ukisema nghe đồn umeshakiri kuwa hiki ni kitu kinachozunguka midomoni, kinaweza kuwa kweli kinaweza kuwa upepo. "Nghe đồn quán này có ma", inasemekana huu mgahawa una mizimu. Uvumi kama jina ni tin đồn, na watu wakivumisha kwa kelele mtaa mzima ni đồn ầm lên. Wanaovumisha hawatajwi, ni người ta tu, "watu", au kwa dharau kidogo thiên hạ, "dunia", kama sisi tunavyosema "walimwengu". Người ta ni jamaa hatari sana Vietnam. Kila kitu kakisema yeye na hajawahi kuonekana.

Ila nghe đồn ina upande wa utani. Kijana akimwambia binti "nghe đồn em nấu ăn ngon lắm", yaani nimepata fununu kwamba unajua kupika, hiyo siyo umbea, hiyo ni kumpaka mafuta kwa njia ya kuzunguka, na jibu lake ni kicheko na "ai nói vậy?", nani kasema?

Nghe phong thanh ni ya watu wazima na maofisini. Phong ni upepo na thanh ni sauti, maneno ya asili ya Kichina, yaani umesikia sauti ya upepo. Ni kama kusema "nimepata fununu", habari bado ya chini ya kapeti, haijatoka, na mara nyingi ni kubwa, kampuni kufungwa, bosi kuhamishwa. Mtu akianza na nghe phong thanh huwa anashusha sauti na kuangalia nyuma, na we ukishusha sauti pia utaonekana unajua lugha kweli.

Hình như usiitie kapu moja na hizi. Hình như ni "naona kama", ni makisio ya mwenyewe, kaona gari ya jirani haipo akasema hình như kasafiri. Hakuna aliyemwambia. Wanafunzi wengi wanaitumia kwa kila kitu maana ni rahisi, halafu Mvietnam anadhani we ndo shahidi. Umeshika lawama isiyo yako.

Hatua ya nne: jua habari imeokotwa wapi

Baada ya kineno cha mbele, sikiliza anaiitaje hiyo habari, maana wana majina kulingana na mahali ilipookotwa. Neno lenyewe la habari ni tin, na hapa kuna kituko, tin hiyo hiyo ni "kuamini". Ndo maana unaweza kuuliza "Tin này tin được không?", hii habari inaaminika? tin mbili kwenye sentensi moja na kila moja na kazi yake.

Tin hành lang ni habari ya korido, za maofisini, mtu kasikia wakati bosi anatoka mkutanoni. Tin vỉa hè ni habari ya kando ya barabara, pale pale kwenye vistuli vyetu vya plastiki. Kuna wanaoipandisha cheo wakaiita thông tấn xã vỉa hè, yaani shirika la habari la kando ya barabara, wakilitania shirika la habari la taifa ambalo jina lake ni Thông tấn xã Việt Nam. Mkongo akisoma hapa atakuwa ameshacheka, maana Kinshasa kitu hicho kinaitwa radio trottoir, redio ya hapo hapo kando ya barabara, na sisi wa Tanzania tuna redio mbao.

Na Sài Gòn ya zamani walikuwa na redio yao kweli kweli, Radio Catinat. Catinat ni mtaa, enzi za Mfaransa ulikuwa rue Catinat, baadaye ukaitwa Tự Do na baada ya 1975 ukawa Đồng Khởi mpaka leo. Wakati wa vita waandishi, maafisa na wapelelezi walikuwa wanakaa kwenye migahawa ya mtaa huo wakibadilishana tetesi, na mgahawa mmoja maarufu sana ulikuwa Givral. Mmoja wa wale waliokuwa wanasikilizwa sana pale ni Phạm Xuân Ẩn, mwandishi wa jarida la Time, kila mtu alikuwa anakwenda kwake kuuliza ukweli ni upi, na baada ya vita ndo ikajulikana kuwa muda wote huo alikuwa jasusi wa upande wa Hanoi. Kwa hiyo ukikaa Đồng Khởi na mzee akakutajia Radio Catinat, usianze kutafuta masafa.

Tin vịt ni habari ya bata, yaani uongo. Bata kaingiaje? Kwa Mfaransa. Kifaransa bata ni canard, na canard hiyo hiyo ni habari ya kutunga, Wavietnam wakatafsiri bata kama alivyo wakambakiza. Hivyo hivyo gazeti la udaku wanaliita báo lá cải, gazeti la jani la kabichi, nalo limetoka kwa Mfaransa anayesema feuille de chou. Mfaransa kaondoka zake ila bata na kabichi zimebaki.

Hatua ya tano: jibu, usikae kimya

Ukiletewa tetesi ukakaa kimya unaonekana unajivuna au hujaelewa, vyote vibaya. Jibu la haraka kaskazini ni "Thế á?" na kusini "Vậy hả?", zote ni "ee kumbe?". Ukitaka kushangaa zaidi, "Thật á?" kaskazini na "Thiệt hả?" kusini, kweli? Hapa hujaamini wala hujakataa, umempa mtu mafuta ya kuendelea.

Ukitaka chanzo: "Ai bảo thế?" au kusini "Ai nói vậy?", nani kasema? Angalia sura yako hapo, usikunje uso, maana ai bảo ina matumizi mengine ya kusutana. Mtu katoka bila mwavuli kanyeshewa, mama yake anamwambia "Ai bảo không nghe!", nani alikutuma usisikie! Ukiuliza kwa ukali unaweza kumfanya mwenzio aone unamsuta.

Ukikataa kabisa: "Làm gì có!" au "Đâu có!", hakuna kitu kama hicho. Ukiwa katikati, bán tín bán nghi, nusu kuamini nusu kushuku. Na mwenzio akikuletea mambo mazito bila ushahidi kuna msemo wenye mizani tamu, "Nói có sách, mách có chứng", ukisema uwe na kitabu, ukishtaki uwe na shahidi. Naye kama ni mjuaji atakujibu "Không có lửa làm sao có khói", bila moto moshi umetoka wapi, hapo mnakuwa ngoma droo maana hiyo hata sisi tunayo.

Hatua ya sita: kupitisha mbele bila kubeba msalaba

Ukitaka kuisogeza habari kwa mwingine anza na kineno ulichopewa nacho. Umepewa na nghe đâu, itoe na nghe đâu. Usipokee nghe đâu ukaitoa bila kitu, hapo umeigeuza kuwa tangazo na mtu wa kwanza kuulizwa ni wewe. Kinga nyingine ni "Em nghe sao nói vậy thôi", mi nasema nilivyosikia tu, kaskazini wanasema "nghe thế nào nói thế". Na ile ya wambea wote duniani, "Đừng nói với ai nhé", usimwambie mtu. Ukishaambiwa hiyo jua wa kumi na moja ni wewe, maana wao wenyewe wanasema một đồn mười, mười đồn trăm, mmoja huvumisha kwa kumi, kumi kwa mia.

Anayeongeza chake wana neno lake na hili lilinifanya niipende hii lugha. Sisi tunasema fulani anatia chumvi. Wao wanasema thêm mắm thêm muối, anaongeza mắm, anaongeza chumvi! Muối ni chumvi ile ile yetu, mắm ni samaki waliochachushwa na chumvi, ndo unapotoka ule mchuzi wa samaki wanaotia karibu kwenye kila chakula. Yaani wao chumvi peke yake haitoshi, lazima na samaki aliyeoza vizuri. Siku ya kwanza nilipomwambia rafiki yangu wa kule kuwa na sisi tunatia chumvi kwenye stori akaniuliza, na mắm je? nikamwambia hatuna, akasikitika kidogo.

Habari iliyoharibika kwa kupita mikono mingi ni tam sao thất bản, kunakili mara tatu asili imepotea. Kuna na bật mí, kufichua siri, ambayo ukiitazama vizuri ni bí mật, siri, iliyopinduliwa sauti zake. Watoto wa pwani waliocheza kinyume watalielewa hili bila kuelezwa.

Kwa anayependa umbea wenyewe, kaskazini kukaa na kupiga umbea ni buôn dưa lê, kufanya biashara ya matikiti, na kusini ni tám, nane, na mmbea ni bà tám, mama nane. Mtu anayejitutumua kwa maneno makubwa anachém gió, anakata upepo. Haya ya kutaniana na marika, usimwite mama mwenye nyumba bà tám hata kama anastahili.

Hatua ya saba: wakubwa

Kivietnam hakina "mimi" na "wewe" za kupita nazo kila mahali, unajiita kwa cheo cha ukoo, em ukiwa mdogo, anh kaka, chị dada, chú baba mdogo, bác kwa aliyewazidi wazazi wako umri, na we mbele ya bác unakuwa cháu. Mswahili hapa hapati tabu, si tunaishi na shangazi na mjomba ambao hata ukoo hatujui. Kwa mkubwa tumia nghe nói tu na malizia na ạ ya heshima: "Cháu nghe nói bác mới ở viện về ạ", nasikia bác umetoka hospitali juzi. Ukimwambia nghe đồn kuhusu afya yake umemwambia kuwa mtaa mzima unamjadili. Inaweza kuwa kweli, ila haisemwi.

Hatua ya nane: mtandaoni

Kwenye Facebook na Zalo, app yao ya kuchati, neno ni hóng. Zamani hóng ni kupunga upepo, hóng gió, unakaa nje jioni upepo ukupige. Siku hizi watu wanapunga drama. Posti ikianza kunuka ugomvi utaona komenti zimejaa "hóng", yaani nipo nasubiri, na mwingine anaweka nukta tu, wanaiita chấm, ili arudi baadaye kuona imeishiaje. Ni kile kile cha kwetu cha "nimekaa pale".

Kwenye vichwa vya habari tafuta maneno matatu. Rộ tin, tetesi zimezagaa. Xôn xao, watu wanazizima. Na thực hư, kweli au uongo, ikianza "Thực hư chuyện..." jua mwandishi anakwenda kuchunguza uvumi, na mara nyingi ndani jibu ni uongo. Ukiona đính chính hiyo ni kusahihisha rasmi, na tin giả ni habari feki.

Hapo kwenye tin giả naomba usifanye utani. Serikali yao kwa Amri namba 15 ya 2020 iliweka faini ya dong milioni 10 mpaka 20 kwa taasisi inayosambaza habari za uongo kwenye mitandao ya kijamii, na mtu binafsi nusu yake. Nghe đâu yako inakukinga kijiweni, ukiishea uvumi mtandaoni usitegemee ikukinge. Skrinshoti ya grupu ya wapangaji iache kwenye grupu ya wapangaji.

Sasa jaribu yote kwa pamoja

Haya ni mazungumzo ya ofisini Hanoi, wiki chache kabla ya Tết, mwaka mpya wao. Huo ndo msimu wa tetesi za bonasi, maana sheria ya kazi haimlazimishi mwajiri kutoa bonasi ya Tết, kwa hiyo hadi itoke kila mtu ana lake.

– Này, nghe phong thanh năm nay cắt thưởng Tết đấy.
– Thế á? Ai bảo thế?
– Thấy bên kế toán bảo thế.
– Làm gì có! Năm ngoái cũng đồn ầm lên, cuối cùng vẫn có.
– Thì tôi nghe thế nào nói thế thôi. Đừng nói với ai nhé.

We, nimepata fununu mwaka huu bonasi ya Tết inakatwa. Ee kumbe? Nani kasema? Wa uhasibu ndo wanasema hivyo. Hamna kitu! Mwaka jana pia walivumisha weee, mwisho ikatoka. Haya mi nasema nilivyosikia tu, usimwambie mtu. Angalia jamaa alivyoanza juu na phong thanh, akabanwa akashuka hadi thấy bảo, akabanwa tena akanawa mikono. Hatua mbili za kurudi nyuma ndani ya nusu dakika na hakuna sehemu aliyosema uongo.

Ukishaweza kufuata hayo bila kusoma tafsiri, nenda kijiweni. Kaa kwenye stuli, mwambie mwenye meza "cho em cốc trà đá", naomba chai ya barafu, usitoe simu, sikiliza tu meza ya jirani na kila ukisikia nghe au thấy bảo kunja kidole kimoja. Mi siku yangu bora vidole viliisha kabla glasi haijaisha. Glasi ni dong elfu chache tu, mbegu za alizeti wanahesabu mbali.